Kanisa Letu Halikupigwa Picha

Sisi tuliokulia kwenye kambi ya wakimbizi, kule Kigoma, tuliijua Ulaya kabla hatujauona mji wowote. Wenzangu wa rika langu watacheka, maana wanajua sitanii. Nyumba yetu ilikuwa ya udongo, paa la turubai, na ndani ilikuwa imebandikwa kalenda kuanzia mlangoni mpaka kwenye kitanda cha baba. Padri mmoja mzungu aliyekuwa akitutembelea alituletea kalenda kuukuu zilizobaki kwao, na mama akazigandisha ukutani kwa uji wa mahindi ili upepo usipenye kwenye nyufa. Miaka iliyoandikwa pale ilikuwa imeshapita zamani. Hakuna aliyejali. Tarehe za nini, na sisi hatukuwa na pa kwenda?

Tulichotaka ni picha. Upande niliolala mimi kulikuwa na Koloseo ya Roma, na usiku panya walikuwa wakipita nyuma yake wakitafuna ule uji uliokauka. Miguuni pangu palikuwa na mnara wa Pisa, ambao mama aliubandika ukiwa umenyooka, akidhani picha ndiyo iliyopinda. Jikoni, juu ya mafiga, lilikaa Kanisa Kuu la Cologne, jengo ambalo lenyewe tayari ni jeusi, nalo likazidi kuwa jeusi kwa moshi wetu wa kuni mbichi. Na kando ya kitanda cha baba lilikuwepo kanisa la Paris lenye lile dirisha la duara, kubwa kama gurudumu la lori, lenye vioo vya rangi.

Watoto wa leo wana michezo ya kwenye simu, na bado wanalalamika hawana la kufanya. Mchezo wetu sisi ulikuwa kwenye foleni ya bombani, madumu yamepangwa kwenye vumbi, jua linachoma utosi. Mmoja anataja jengo, wengine wanataja mji. Anayekosea anarudisha dumu lake mwisho wa foleni.

"Akropoli!"

"Athene!"

"Alhambra!"

"Granada!"

Rafiki yangu Jozefina alikuwa akijibu "Paris" kila mara, liwe jengo gani, kwa hesabu kwamba siku moja atapatia tu. Alichelewa kurudi na maji karibu kila siku, na kila siku mama yake alimsubiri na fimbo. Mwalimu wetu Simoni, mkimbizi kama sisi, alitufundisha chini ya hema lililochanika, na alipogundua tunayajua majengo yale aligeuza somo zima la historia likawa la kalenda. Karatasi ambazo hazikugandishwa ukutani tulikuwa tukizipeleka darasani na kuzirudisha jioni. Nikirudi nimechelewa, mama ananisogezea sahani ya ugali na zile mbaazi za njano za msaada, ambazo ungezichemsha asubuhi mpaka jioni na bado zinagonga meno, na kuniambia, "Kula kwanza. Roma itakusubiri."

Baba hakuwa mtu wa maneno mengi. Siku moja nilimsomea kwamba lile kanisa la Cologne lilichukua zaidi ya miaka mia sita kujengwa mpaka kukamilika. Alikuwa akishona kandambili kwa waya. Akainua kichwa.

"Miaka mia sita," akasema. "Basi hao walijua hawatafukuzwa."

Akaendelea kushona.

Kaka yangu Deo ndiye aliyeshikwa na ugonjwa wa majengo kuliko sisi wote. Alikuwa kijana mrefu, mikono mipana, ametoka kuoa. Kirundi tuliongea na wazazi, lakini sisi kwa sisi tuliongea Kiswahili, na Deo alikuwa akisema Kiswahili chake taratibu, kama mtu anayepanga matofali. Wakati huo tulisali chini ya turubai. Mvua ikinyesha, mahubiri hayasikiki. Wazee wakaamua tujenge kanisa la matofali mabichi. Wakubwa wa kambi walitukumbusha kila mara kwamba sisi ni wapitaji tu na hatutakiwi kujenga vitu vya kudumu. Tulikuwa wapitaji kwa miaka mingi hivi kwamba mimi nilizaliwa katikati ya kupita huko nikakua nikaota matiti.

Tulijenga. Akina mama walibeba maji, sisi watoto tulikanyaga udongo kwa miguu, wimbo juu ya wimbo, mpaka magotini tope. Na Deo akatangaza kwamba kanisa letu litakuwa na dirisha la duara kama la Paris. Watu wakamcheka. Vioo atatoa wapi?

Alitoa kwenye chupa. Alitutuma tuokote chupa za bia nyuma ya kantini ya askari, za kahawia na za kijani, na zahanati ikatupa chache za dawa zilizokuwa za bluu. Alikuwa akifunga uzi uliolowa mafuta ya taa kwenye chupa, anauwasha, moto ukizunguka anaitumbukiza kwenye maji, na chupa inakatika tak! Kitako kinabaki mkononi, mduara mzuri. Vingi vilipasuka vibaya. Vidole vyake vilijaa makovu. Akavipanga vile vitako kwenye fremu ya mbao, akaviziba kwa udongo uliochanganywa na majivu, akaupandisha ule mduara ukutani nyuma ya altare, upande jua linakochomoza.

Jumapili ya kwanza sitaisahau. Padri alikuwa katikati ya misa, jua likapanda juu ya miti, na mwanga ukaingia. Gauni jeupe la Jozefina likawa la kijani. Kichwa cha baba, ambacho kilikuwa na upara, kikapata doa la bluu katikati. Vikongwe waliokuwa wakisinzia waliamka wakaangalia mikono yao. Yule padri mzungu, mtu aliyetoka huko kwenye makanisa yenyewe, aligeuka akalitazama dirisha, halafu akaendelea na misa huku sauti imembadilika. Deo alikuwa amesimama mlangoni, hakuingia hata ndani. Alikuwa akitazama watu.

Hakuna aliyekuwa na kamera.

Kisha kambi ikafungwa. Wenzangu mnajua inavyofungwa. Kwanza soko likakatazwa, halafu shule, halafu mgao ukapungua mpaka kopo moja. Nchi yenu ina amani, tukaambiwa, rudini. Kila familia ilitakiwa kubomoa nyumba yake yenyewe kabla ya kupanda lori, ili asirudi mtu. Mama alibandua picha mbili tatu, zikachanika, akaziacha. Baba alibomoa ukuta wetu kwa jembe alilokuwa akilimia.

Kanisa, wakubwa wa kambi waliliacha mwisho na wakaleta trekta. Deo aliomba apewe siku moja tu atoe vioo. Wakamwambia hakuna siku. Asubuhi akaegemeza ngazi ukutani akapanda, akaanza kuchokoa udongo kwa kisu, akidhani wakimwona juu watangoja. Walimpigia kelele ashuke. Nilimpigia kelele mimi pia. Dereva wa trekta alikuwa ameanza upande wa pili, kule mlangoni, na pengine hakumwona, sitaki kumsingizia mtu. Ukuta ulitikisika wote kama kitambaa. Deo akaanguka nao.

Mguu wake wa kushoto ulivunjika chini ya goti sehemu mbili. Waliufunga kwa vipande vya ubao wa fremu ileile. Baba alikuwa amekaa juu ya furushi letu kando ya lori, mgongo umeelekea kanisa, na hata vumbi lilipotufikia hakugeuka. Hakuna kitako kimoja cha chupa kilichopona.

Deo, kwa kuwa alikuwa na mke, alikuwa na kadi yake ya ukimbizi, na kadi yake ilisema Burundi. Akarudishwa na mguu ule kwenye shamba la babu ambalo watu wengine walishajenga juu yake. Kadi yetu sisi, yaani baba, mama na mimi, ilipelekwa kambi nyingine, na baadaye tukaitwa kwenye mahojiano ya Australia. Ndivyo tulivyoletwa hapa Sydney, upande wa magharibi. Baba hakukaa sana. Amezikwa hapa hapa, kwenye udongo ambao hakuwahi kuulima. Mume wangu anabeba maboksi kwenye maghala ya Wetherill Park. Mama ananunua majani ya muhogo sokoni Cabramatta kwa Wavietinamu na kugombana nao bei kwa vidole. Mimi nahudumia wazee kwenye nyumba ya wazee, shifti ya asubuhi.

Nilikuwa shifti asubuhi ile televisheni ilipoonyesha kanisa la Paris likiungua. Kulikuwa na bibi mmoja Mfaransa chini ya uangalizi wangu, amesahau hata majina ya watoto wake. Alipouona ule mnara mwembamba ukivunjika na kutumbukia motoni alianza kulia kwa sauti. Akaniuliza kama niliwahi kuliona kanisa hilo. Nikamwambia ndiyo, nimekua nalo. Nikamshika mkono mpaka akatulia, na huruma yangu ilikuwa ya kweli kabisa. Wafanyakazi wenzangu walifuta machozi. Kabla wiki haijaisha matajiri walikuwa wakishindana kuahidi mamilioni, marais wakihutubia, na miaka michache baadaye limesimama tena, jeupe kuliko mwanzo, na lile dirisha la duara halikupata hata ufa. Nilifurahi. Nilifurahi, na kooni palikuwa pachungu kama nimemeza klorokwini, kwa sababu siku ile ya trekta hakuna hata mtu mmoja wa nje aliyeuliza jina la yule aliyeanguka.

Mwaka jana shule ilimpeleka binti yangu Keza Ulaya, yeye na wenzake wa somo la historia. Ana miaka kumi na tano. Roma, Pisa, Paris, vyote kwa safari moja. Niliona wivu wa kitoto, nakiri. Aliporudi nikamkalisha sebuleni anionyeshe. Simu yake ilikuwa na picha za Keza. Keza na aiskrimu, nyuma kipande cha Koloseo. Keza akijifanya kusukuma mnara. Keza na rafiki yake, na nyuma yao ukingo wa lile dirisha, umekatwa na nywele. Nikamuuliza lilikuwaje kwa ndani.

"It was alright, Mum," akasema. "Bit crowded."

Sisi tulichapwa fimbo kwa ajili ya majengo ambayo hatukuwahi kuyagusa.

Kisha mwalimu wao akawapa kazi: kila mtoto azungumze mbele ya wazazi kuhusu mahali pa urithi panapoihusu familia yake. Rafiki yake Mvietinamu alichagua hekalu la kijijini kwa bibi yake. Mwenzake Mgiriki alichagua Akropoli, bila shaka. Keza akasema ataongea juu ya kanisa la Paris. Hapo ndipo nilipomweleza, kwa mara ya kwanza, kanisa letu lote, kuanzia kukanyaga udongo mpaka ngazi. Alisikiliza. Nitakuwa mwongo nikisema hakusikiliza. Aliweka simu chini kabisa.

"Is there a photo?" akauliza.

Nikasema hapana.

Akatafuta kambi kwenye ramani ya simu, ile ya kutoka angani. Ilikuwa miti mitupu. Hata njia ya kwenda bombani haipo.

"Basi tumpigie mjomba Deo," nikasema. "Yeye atakuchorea. Atakueleza kila kitako cha chupa."

Ilikuwa Jumamosi jioni kwetu, asubuhi kwao. Deo akatokea kwenye kioo cha simu, nywele nyeupe, amekaa kwenye kibao nje ya nyumba, mguu umenyooshwa mbele kwa sababu haukunjiki. Keza akamsalimia kwa Kiswahili chake cha kuvunjika. "Shikamoo, mjomba." Deo akacheka kwa furaha. Nikamweleza kazi ya shule, nikamweleza hekalu la Wavietinamu, nikamwomba aseme tu, mtoto atarekodi. Akausogeza mguu wake kwa mikono miwili.

"Spesi, mdogo wangu," akasema. "Mwache mtoto aseme la Paris."

"Kwa nini? Lako lilikuwa—"

"La Paris lipo," akasema. "Akisema letu watamuuliza liko wapi. Atajibu nini mbele za watu? Usimtie mtoto aibu."

Nikataka kubishana. Akaniuliza mama anaendeleaje na presha yake.

Keza alisema la Paris. Ukumbi ulijaa, picha zikawa kubwa ukutani, na lile dirisha alilipata zima kutoka kwenye mtandao. Alieleza vizuri, kwa Kiingereza kisicho na lafudhi yetu hata chembe, jinsi dunia nzima ilivyoungana kuliokoa. Mama mmoja aliyekaa kando yangu aliinama akaniambia nina binti mwenye akili sana.

Enzi zetu tulikuwa na njaa, tulikuwa na fimbo, tulikuwa na funza miguuni, lakini mgeni akiuliza fahari yenu ni ipi, kila mtoto wa kambi ile angenyoosha kidole upande mmoja. Watoto wetu wameiona dunia, wamepiga nayo picha, na ukiwauliza wanageuka kutazama simu. Siwalaumu sana. Hatukuwaachia kitu cha kunyooshea kidole.

Keza alipomaliza alinitafuta kwa macho katikati ya watu, kama anayesubiri kuona kama nimekasirika. Wazazi wote walikuwa wamesimama. Nami nikasimama, nikapiga makofi.