Karori ndiye aliyepiga ile picha, si wewe Prezida

Nimekataa kuamini tangu juzi. Simu yake naipiga bado, nikidhani ataipokea aniambie, "Ramazani, sha, punguza kelele." Karori hayupo.

Naandika mwenyewe kwa kidole kimoja, makosa mnivumilie. Shule niliiacha mapema, lakini suti za wakubwa wa Kigali nimeshona mimi, Nyamirambo nzima inajua.

Wengi mnamjua Karori wa Batsinda, yule mzee wa picha za pasipoti. Hamjui kitu. Huyo mtu mwaka wa tisini alikuwa anapiga picha gizani.

Tulikuwa na klabu ya picha, ukumbini Remera. Mimi waliniita nishone mapazia meusi ya madirisha, mchana uwe usiku. Nikashona vizuri mpaka wakanifanya member. Fundi mwingine asingeweza.

Kazi yenyewe iko hivi: ukumbi giza kabisa, kamera imeachwa wazi juu ya miguu yake mitatu, halafu Karori anatembea na tochi anapaka mwanga kama mtu anapaka rangi ukuta. Alipopaka ndipo panatokea kwenye picha. Klabuni tuliita kuandika kwa mwanga.

Nilimshonea kanzu nyeusi na kofia ya kufunika uso. Anapita mbele ya kamera, picha ikitoka yeye haonekani. Kazi yote ni yake na yeye hayumo.

Mnaijua ile picha ya mtu mwenye vichwa viwili na duara la moto nyuma yake. Yule mwanaume ni mimi. Mtazameni kifua.

Vichwa vilitokea hivi. Nilisimama kama nguzo, Karori akanipaka upande mmoja, akazunguka nyuma yangu akichora lile duara kwa tochi. Akauliza, "Ramazani, umelala?" Nikageuka: "Alale nani?" Tochi ikanikuta pale nilipogeukia. Filamu ilipooshwa, Karori alicheka mpaka akakaa chini. Akasema hiyo ndiyo picha ya maisha yake.

Sasa nakuja kwako, Prezida wa klabu. Jina lako siandiki. Unajijua, na majirani zako wa Nyarutarama wanakujua.

Waliokaa sebuleni kwako wanasema unawaeleza wageni kwamba vichwa viwili ni roho ya binadamu iliyogawanyika. Roho gani? Ni mimi nilikuwa nimeulizwa kama nimelala.

Lakini hilo ni dogo.

Oktoba ile vita ilipoanza mpakani, watu walikuwa wanachukuliwa majumbani, wanaitwa ibyitso, yaani vibaraka wa adui. Wanajeshi wakaja ukumbini mchana, wamesikia kuna mtu anacheza na tochi. Mkubwa wao akataka kujua tochi ni ya nini. Wewe Prezida ukamwonyesha Karori kwa kidevu, ukasema, "Huyu anaandika kwa mwanga."

Mwanajeshi akauliza, "Anamwandikia nani?"

Neno moja tu lingetosha. Ungesema ni picha. Ukuta ulikuwa umejaa picha, ungenyoosha mkono kwenye mojawapo. Mimi nilifungua mdomo nikapigwa kitako cha bunduki, meno yangu niliyaacha pale. Wewe walikuheshimu, ulikuwa na tai.

Ukasema, "Muulizeni mwenyewe."

Wakamuuliza. Wakamuuliza miezi.

Alipotoka jela mwaka uliofuata, mkono wake wa tochi ulikuwa unatetemeka, na haukutulia tena. Nikampeleka klabuni nimchangamshe. Tukakuta maonyesho, watu na soda zao, ile picha iko katikati ya ukuta. Chini yake jina lako.

Nilikushika kola, unakumbuka. Nimeshona kola nyingi, najua pa kushika. Karori akanivuta nyuma, akasema, "Wacha, mzee. Anayo hiyo moja. Mwambie apige nyingine."

Mpaka leo hujapiga.

Nje akaniapisha nisiseme kitu yeye akiwa hai. Alikuwa anataka tu alale kwake bila kugongewa mlango. Nikaapa, na Ramazani akiapa ameapa. Nikakuona unapanda vyeo, unajenga, unaitwa legend na watoto wa juzi, na mimi nimeufunga mdomo.

94 sitaiandika hapa. Karori alibaki hai, kamera haikubaki.

Juzi amekufa. Jana wewe ukapost ile picha na mshumaa pembeni: "RIP rafiki yangu, photo by" na jina lako. Watu wanakupa pole. Leo asubuhi ukampigia mjane wake, Dafroza, ukiomba kuongea mazishini kama Prezida wa klabu.

Dafroza akanipigia akilia. "Mzee, nimjibu nini?" Nikamwambia asijibu, nitajibu mimi, na nitajibu mbele ya watu.

Kiapo kimekwisha juzi, kwa hiyo jibu ni hili. Itoe ile picha ukutani. Usimtume dereva. Ibebe mwenyewe, uilete Batsinda kabla jeneza halijatoka nyumbani. Itakaa mbele ya watu na jina la Karori chini yake, nitaliandika mimi kwa mkono wangu huu, herufi mbovu lakini kubwa.

Ukija mikono mitupu utanikuta getini, mimi na wanaume wa Nyamirambo. Hatutakugusa. Tutakuuliza tu, kwa sauti, mbele ya waombolezaji wote, ulimjibu nini yule mwanajeshi. Na msamaha usiniombe mimi, mimi si padri wala si imamu.

Nyinyi wengine share mpaka imfikie. Wanawe wasome, wajue picha ya sebuleni kwao ni ya nani.

Karori, ndugu yangu, umepumzika na tochi yako. Lala salama. Wewe ulimwacha Prezida aende zake. Mimi simwachi.