Rawda Aitwaa Kona

Vichochoro vya Harar, ndani ya ukuta wa mji huo wa kale wa Ethiopia, ni vyembamba. Punda akipita na mzigo unajibanza kando. Kichochoro cha nyumbani kwa Rawda ndicho kilichokuwa njia pekee ya kutokea sokoni, na pale kilipopinda ndipo vijana walipokaa tangu adhuhuri, mashavu yamevimba kwa mirungi, ndimi hazina breki.

Rawda alikuwa mjane mnene, mwenye sauti ya kuongozea nyimbo za harusi. Alikodisha vyumba kwa wageni, hasa wanawake. Mmojawapo alikuwa Tirhas, nesi kutoka Mekele, kaskazini mwa nchi, aliyekuwa likizoni, akisafiri peke yake kwa mara ya kwanza maishani.

Alasiri moja Tirhas alirudi akiwa ameushika mkono wake. Kijana mmoja alikuwa amemzibia njia pale konani, akamkamata mkono akidai atamwonyesha mji. Alipojinasua, wenzake wakacheka.

"Keshokutwa naondoka, mama. Kosa langu, ningetafuta wa kunisindikiza."

"Uliiba?"

"Hapana."

"Ulimtukana mtu?"

"Hapana, mama."

"Basi hilo kosa usilibebe. Lina wenyewe."

Rawda akaenda kumshtakia Aw Jemal, mzee wa mtaa.

"Mwambie mgeni wako asitoke mchana ukishapinduka," alisema mzee. "Vijana ni vijana."

"Aw Jemal, fisi wanaingia mji huu kila usiku na tunawapisha kwa amani. Leo unaniambia wa kuogopwa ni watoto tuliowazaa?"

"Ukiwachokoza watakuvunjia heshima."

"Heshima ipi? Hii ya kupita nimeinamisha uso?"

Kesho yake Rawda alitandika mkeka kwenye kona ile kabla vijana hawajafika, akaweka jiko la kahawa, akaanza kusuka kikapu. Wa kwanza kutokea alikuwa Remzi, yule aliyemshika Tirhas.

"Mama Rawda, umepotea? Hapa ni baraza ya wanaume."

"Mimi naona njia. Kama ni baraza, mbona hamna hata adabu ya kukaribisha?"

"Anatafuta mchumba huyu," akasema mwingine nyuma.

"Nikitafuta, nitaanzia kwa waliooga."

Vijana walicheka wakimcheka mwenzao, lakini kukaa hawakukaa. Asubuhi iliyofuata Rawda alikuta mlango wake umepakwa kinyesi cha punda. Akachukua brashi, akausugua. Tirhas, ambaye mkoba wake ulikuwa tayari umefungwa, aliuweka chini, akachukua brashi ya pili.

Siku hiyo kulikuwa na mkutano wa afocha ya wanawake, chama chao cha kuzikana na kuozana. Rawda akalieleza jambo lote.

"Shoga, hao ni wana wetu," akasema mmoja. "Tutawaanika?"

"Wamejianika wenyewe. Mimi nasema tu nilichokiona."

Nefisa, mamake Remzi, aliuliza polepole, "Na wangu yumo?"

"Ndiye aliyemshika."

Nefisa aliendelea kupepeta kahawa hadi punje zote zikamwagika, ungo ukabaki mtupu.

Adhuhuri iliyofuata alikuja konani na mkeka wake, akaketi kando ya Rawda na Tirhas, mahali pale pale anapokaa mwanawe. Nyuma yake wakafuata wengine, na vikapu, na watoto wachanga, na porojo. Remzi alipofika, alisimama mbali.

"Mama, twende nyumbani. Unaniaibisha."

"Nilikuaibisha nilipokuzaa? Njoo umwombe radhi huyu binti."

Remzi alikuja, akanong'ona. Tirhas akamtaka aseme kwa sauti, akasema. Tirhas hakumwambia kuwa yamekwisha. Alivaa viatu, akaelekea sokoni peke yake, akarudi na maembe wakati jua linazama.

Vijana walihamia kona nyingine, karibu na lango la upande wa pili. Haikupita wiki, wanawake wa huko wakamtuma binti amwulize Rawda kama anaweza kwenda. Majirani wengine walimwambia yametosha, aachie hapo.

"Huko kuna kivuli?" Rawda alimwuliza yule binti.

"Kidogo."

"Kidogo kinatosha." Akakunja mkeka, akautia kwapani, akapita katikati ya njia.