Muhuri wa Muhogo

(Aliyetuandikia kisa hiki tunamjua sisi peke yetu. Majina yote tumeyabadilisha.)

Mimi ni karani, umri wangu miaka ishirini na sita. Nina mke na binti mmoja wa miaka mitano, na tunakaa mjini Unguja, orofa ya juu ya nyumba ya mawe. Barua hii sikuthubutu kuitia posta. Nimempa mtu ailete huko bara kwa mkono wake, na naomba mkishainakili mnichanie.

Kazi yangu ni kupokea maombi ya wanaotaka kibali cha kutoka kisiwani. Mimi siamui. Naandika jina la mtu na sababu ya safari, napeleka kwa wakubwa, na jibu likirudi mimi ndiye wa kumwambia. Mara nyingi jibu ni hapana.

Nilipokuwa skuli tulikuwa na mwalimu akipenda kusema kuwa mtoto ukimpa kitu kilichokwisha kutengenezwa atajifunza kukivunja, na ukimpa kitu kitupu atajifunza kukitengeneza. Nilipopata mtoto niliyashika maneno hayo. Vitu vya watoto madukani siku hizi havionekani, wala hilo halikunisumbua. Binti yangu, nitamwita Salma, nilimpa makasha matupu, vifuu na vipande vya kanga za mama yake. Mkeka ukawa bustani, mchi ukawa bwana harusi. Mama yake alikuwa akinicheka, akisema nimeigeuza nyumba jaa. Lakini mimi ni mtu mwoga, narudi kutoka kazini nimejikunyata, na nikifungua mlango nikaulizwa na mtoto nimekuja kwa gari au kwa ndege, hofu ya mchana kutwa ilikuwa ikinitoka.

Siku moja Salma akataka kucheza afisi. Hapo ndipo nilipokosea. Nilichukua kipande cha muhogo nikakichonga muhuri, duara na nyota katikati, mfano wa ule wa afisini. Wino wa zambarau niliutoa kazini, masazo ya chupa. Karatasi nazo zilikuwa fomu zilizoharibika, ambazo ilinipasa kuzichana. Nyuma yake nikamwandikia kwa mwandiko wangu, apate kuzoea herufi: "Mwenye hati hii ameruhusiwa kusafiri." Salma akakaa juu ya kasha, watoto wake wa matambara wakapanga foleni, naye hakumnyima hata mmoja.

Chini yetu anakaa mjane mmoja mtu mzima, nitamwita Bi Zuwena. Mwanawe wa pekee kaolewa Tanga. Mara tatu bibi huyu ameomba kibali cha kwenda kumuona, na mara tatu mimi ndiye niliyemwambia hapana. Hakuninunia hata siku moja. Hupanda kwetu kumtazama Salma, na siku hiyo, mimi nikiwa kazini, alimkuta "afisini".

Mke wangu ndiye aliyenisimulia. Bi Zuwena aliingia kwenye foleni pamoja na watoto wa matambara, na zamu yake ilipofika Salma akamuuliza anakwenda wapi na kwa sababu gani. Akajibu Tanga, kumuona mwanawe. Salma akapiga muhuri, wote wakacheka. Bi Zuwena anasoma Kurani vizuri, lakini herufi hizi zetu hazijui. Muhuri anaujua, kwani ameuona kwa wenzake waliofanikiwa. Akaitazama sana ile karatasi, akaifunga kwenye pindo la kanga, akateremka.

Baada ya siku chache nilikutana naye mlangoni. Nikamwamkia, naye akanishika mkono, akasema polepole:

"Nshafahamu, mwanangu. Mwenye kazi kama yako hawezi kumpa mtu kitu mkono kwa mkono. Umemtumia mtoto."

Nikamwambia, "Bibi, ule ni mchezo. Muhuri wenyewe ni muhogo."

"Naam," akasema huku akitabasamu. "Ndivyo utakavyosema, na mimi akiniuliza mtu ntasema hivyo hivyo."

Nimeteremka kwake mara tatu kuiomba karatasi. Kila nikikana ndipo anapozidi kuamini. Mke wangu naye alikwenda, akaambiwa mumeo ana imani, basi mtunzie siri yake. Kumwibia tumefikiria, Mungu atusamehe, lakini karatasi haimtoki mwilini. Anasema atafunga Ramadhani hapa, na Idi ikishapita atateremka bandarini. Ameshawashonea wajukuu zake nguo.

Bandarini karatasi itafunguliwa: upande mmoja fomu ya afisi, upande wa pili mwandiko wangu. Nani atakayekaa anisikilize nikimwambia ni mchezo wa mtoto? Mwenzangu mmoja kazini aliitwa kuulizwa jambo dogo kuliko hili, na kiti chake mpaka leo kitupu. Nikitangulia kwenda kusema mwenyewe, wa kwanza kufuatwa atakuwa Bi Zuwena. Nikinyamaza, tutaangamia sote wawili.

Karatasi zilizobaki nimezichoma. Muhuri niliutia jikoni, ukanukia kama chakula, na Salma amesimama anatazama. Kwa hofu nikamkemea. Nikamwambia asicheze tena afisi, wala safari, wala meli, na asimwambie mtu kuwa aliwahi kucheza. Tangu siku hiyo makasha yamekaa pembeni, naye anakaa mikono mapajani kama mgeni.

Jana alikuja na kasha moja, akaliweka chini, akasimama mbele yangu, mikono nyuma. Ndivyo watu wanavyosimama mezani kwangu, naye hajapata kuwaona.

"Baba, nna ruhusa ya kusema hili ni gari?"

Nikamwambia asubiri, nitampa jibu. Maneno hayo hayo ninayowaambia watu kila siku.

Imebaki miezi miwili tu kuingia Ramadhani. Nishaurini, ndugu zangu. Bi Zuwena nimwambie nini hata aniamini? Na huyu mtoto, ambaye bado anasubiri, nimjibu nini?