Kikombe cha Dirishani Kabalagala

Saa nane usiku, Kabalagala, mtaa wa baa. Moreen Nakhisa anasukuma vidonge viwili na kikombe cha maji kupitia kidirisha cha nondo cha duka la dawa.

"Meza nikuone."

Mteja ni Anselme, mwendesha bodaboda kutoka Kongo. Mafua yamembana. "Musawo, daktari wangu, mimi nitameza nyumbani."

"Basi kanunue huko huko nyumbani."

Anselme anameza, anaonyesha ulimi, anaondoka kwa miguu akinung'unika.

Ndani, kwenye kiti alichokuja nacho mwenyewe, Mwanawetu, Mama Iman kwa majirani, anatazama yote bila kupepesa. Ni muuza vitambaa anayeishi ng'ambo ya barabara. Amekusanya sahihi sitini na mbili ili duka hili la dawa lifungwe saa nne usiku, na mkutano wa mtaa utaamua Jumapili. Nakhisa ndiye aliyemwalika aje akeshe. Amekuja na chupa yake ya chai, kwani ya hapa hanywi.

"Dawa gani hiyo isiyofika nyumbani?" anauliza. "Watu wanatoka baa, wanamezeshwa vitu gizani, wanapotea. Mimi si mtoto."

Mwandishi wa makala haya naye hakuja na moyo mweupe. Duka la dawa lisilolala katikati ya baa lina maswali ya kujibu.

Nakhisa, 34, ni muuguzi kutoka Bungoma. Analipwa shilingi laki tano za huku kwa mwezi. Anajibu bila kutabasamu.

Mwaka juzi, anasema, alimuuzia kijana mmoja mtanashati pakiti nzima ya vidonge vya mafua, vile vinavyoleta usingizi. Alfajiri msichana akaokotwa nyuma ya baa, hajitambui, simu na mkoba havipo. Wenzake msichana walieleza sura ya mwanamume aliyekuwa akimnunulia vinywaji. Ni yule yule.

"Nilimuuzia mimi," anasema. "Sikumwambia mtu. Niliona aibu."

Tangu siku hiyo vidonge hivyo havitoki dirishani bila kumezwa mbele yake, hata anayeomba awe shehe au mchungaji. Kwa nini basi asifunge tu usiku? Anafungua daftari. Mwezi uliopita, baada ya saa nne, alihudumia watoto arobaini na mmoja wenye homa na watu kumi na saba waliobanwa na pumu.

"Daftari linaandikwa na mkono wako," Mwanawetu anamkatiza, kisha anapiga chafya. Vumbi la barabarani limemwingia. Anaomba vidonge viwili vya kupeleka nyumbani.

Kikombe kinasogezwa mbele yake.

"Hata mimi, binti?"

"Hata wewe, Mama Iman. Lakini vitakulaza."

"Mimi silali ovyo." Ananusa maji, anameza.

Nusu saa baadaye anakoroma. Mkoba umemwangukia miguuni. Nakhisa anauokota, anaufungia kabatini, anarudi dirishani.

Adhana ya alfajiri ndiyo inayomwamsha. Kitu cha kwanza anachofanya ni kupapasa mapajani. Hakuna mkoba. Uso unambadilika, anasimama akiyumba, mdomo wazi. Nakhisa anafungua kabati, anamkabidhi.

Mwanawetu anatazama ndani ya mkoba, anakuta kila kitu kipo, anaufunga.

"Ni vidonge hivi hivi alivyopewa yule msichana?"

"Ndivyo hivyo, Mama."

Anachukua chupa yake, anafika mlangoni, anageuka. "Kiti changu kiache hapo. Leo usiku nitarudi kukuangalia."

Nakhisa anaosha kikombe. Jumapili, anasema, hatawaomba majirani wamwamini. Atawaomba wamletee viti zaidi.

"Waje kila usiku," anasema. "Macho yangu mawili yalishawahi kudanganywa."