Domo la Kukodi

Kazi yake ilikuwa kuwajibu wasomaji. Gazeti lilipokuwa bado la karatasi alikuwa mpokea simu wa ofisi, na watu walimpigia kuuliza jibu la fumbo la maneno, au kumgombeza kwa sababu mvua imenyesha siku ambayo gazeti lilisema kutakuwa na jua. Gazeti lilipohamia mtandaoni na kuanza kuitwa jarida, mhariri alimpa kompyuta na jina la kutia chini ya majibu yake: Shangazi. Jina likamganda. Hata mlinzi wa getini akawa anamwita hivyo.

Chumba chake kilikuwa ghorofani, dirisha likitazama ua wa fundi matairi. Nyundo ziligonga huko chini kutwa nzima, na yeye huku juu akijibu. Wasomaji walimpenda. Mmoja alimwandikia kila Jumatatu kumuulizia mguu, eti kwa kuwa aliwahi kutaja kwamba umeteguka. Mguu ulikuwa umepona zamani, lakini Shangazi hakuwa na moyo wa kumwambia.

Nyumbani aliishi na mdogo wake wa kiume, tumbo moja. Huyu naye alikuwa mtu wa gazeti lile lile, fundi wa mtambo wa kuchapa, na kwa kuwa kucha zake hazikuwahi kutakata, wote walimwita Wino. Siku mtambo ulipouzwa kama chuma chakavu, mafundi waliitwa uani. Mkurugenzi akapanda juu ya kreti, akawaambia wasihuzunike: sasa gazeti litasomwa na kila mtu, bure, milele. Miaka iliyofuata Wino alilirudia neno lile, "milele," kwa sauti ya mkurugenzi, na kila mara dada yake alicheka kidogo ili mambo yaishe. Mke wa Wino hakucheka. Alichukua watoto akarudi kwao, na Wino akahamia chumba cha nyuma cha dada yake, akawa anafanya vibarua vinavyopatikana. Jarida lakini hakuliacha. Alilisoma kila siku kwenye simu yenye kioo kilichopasuka, akisaka makosa ya herufi. Akipata moja, siku yake imekuwa njema.

Kisha asubuhi moja wasomaji walifungua jarida wakakuta picha ya kufuli. Aya za mwanzo zilisomeka, zilizofuata zikafifia kama zimeingiwa na ukungu, na chini yake waliambiwa walipie kila mwezi ili waendelee. Sehemu ya maoni tu ndiyo iliyoachwa wazi kwa wote.

Mhariri alimletea Shangazi jibu lililokwisha kuandikwa: "Uandishi bora una gharama. Asante kwa kuwa nasi."

"Hilo tu, Shangazi," alisema. "Usiongeze, usipunguze. Tukianza kubishana nao tumekwisha."

"Na mwenye shida ya kweli?"

"Wote watakuambia wana shida ya kweli."

Maoni yakamiminika. La kwanza lilikuwa neno moja: wezi. Mwingine akatania: "Nyumba tulikuwa tunakaa wote, huu mlango mmeutoa wapi?" Mwalimu aliuliza darasa lake litasoma nini. Alitokea mmoja akalitetea jarida, akasema waandishi nao wana watoto, akazomewa mpaka akayafuta maneno yake. Muuguzi aliandika kwamba alikuwa akimsomea hadithi ya Ijumaa mgonjwa asiyeona, na sasa wamefungiwa katikati. Je, wangeweza angalau kuambiwa ilivyoisha? Na mzee mmoja, ambaye habari ya malipo haikumwingia kabisa, aliuliza kwa adabu amekosa nini hata afungiwe yeye peke yake.

Shangazi alimjibu mzee: Uandishi bora una gharama. Asante kwa kuwa nasi. Akamjibu na muuguzi maneno yale yale.

Katika zogo hilo akazuka mtu aliyejiita Msomaji wa Zamani. Huyu hakuwa na ugomvi na mhariri wala mkurugenzi. Alimwandama Shangazi. "Wewe unayejiita Shangazi," aliandika, "ni shangazi gani anayewafungia watoto mlango? Huna lako la kusema. Wewe ni domo la kukodi."

Watu wakalipenda hilo. Kabla wiki haijaisha hakuna aliyemwita Shangazi tena, yule wa Jumatatu naye, aliyekuwa akiuulizia mguu, aliandika, "Domo, mguu nao unalipiwa?"

Alimsimulia Wino walipokuwa wakila. "Kuna mtu ananiita domo la kukodi. Simjui, hanijui, lakini ananichukia kama nimemuulia."

Wino alitafuna kwanza. "Watu wana uchungu, dada. Wapuuze."

"Nitawapuuzaje, na kazi yangu ni kuwasoma?"

"Basi soma kwa macho tu. Usiweke moyoni."

Akajikaza. Lakini Msomaji wa Zamani alizidi. Alisema mwenye haya angetoka siku walipotolewa wenzake. Halafu siku moja, chini ya jibu lile la kila siku, akaandika: "Tumekuuliza swali, unatujibu kwa kikohozi."

Shangazi aliusoma mstari huo, akaurudia tena. Baba yao alikuwa mtu wa kupotea. Akirudi na kuulizwa alikuwa wapi, alikohoa, akavua viatu, akaenda kulala. Mama yao ndiye aliyesema, "Huyu kanijibu kwa kikohozi." Msemo huo haukutoka nje ya nyumba ile, na waliobaki wa nyumba ile walikuwa wawili.

Hakumwambia mtu. Alimaliza zamu yake, akasalimiana na mlinzi, akaenda zake. Ilipofika Jumamosi mchana, Wino akiwa uani anapigilia kigoda misumari na yeye akianika nguo, akauliza bila kugeuka:

"Wino, kikohozi cha baba unakikumbuka?"

Nyundo ikanyamaza.

"Nimekulisha," alisema Shangazi. "Nimekufulia. Nikaja kukulilia habari ya mtu anayenitukana, ukaniambia nipuuze."

"Sikuwa nasema na wewe. Nilikuwa nasema na Shangazi."

"Shangazi ni nani?"

Wino akashikwa na hasira. "Walitutoa kama takataka, wewe ukabaki. Hata siku moja hukukataa kwenda. Ulikuwa unapita pale mtambo ulipokuwa, unapanda ngazi."

"Ningekataa, ungelala wapi? Barabarani?"

Neno lilikwisha toka. Wino alikiweka kigoda chini taratibu, akaingia ndani, akatoka na mkoba. Shangazi alikuwa ameshika shuka lililolowa, maji yakimchuruzikia miguuni. Angeweza kumwita. Hakumwita.

Msomaji wa Zamani hakuandika tena. Wengine hawakuhitaji kufundishwa, waliendelea na domo la kukodi hadi mhariri alipofunga maoni kwa wasiolipa. Waliolipa walikuwa wachache na hawakuwa na la kusema. Siku nzima ikapita Shangazi akisikiliza nyundo za fundi matairi. Hapo mhariri akamwita, akamkalisha, akamwelezea kwa upole kwamba yale majibu machache kompyuta itayatuma yenyewe. Alimshukuru kwa kuwa nao.

Wino alikuwa kwa rafiki yake mmoja, wakichapa mabango ya biashara na ya misiba, akilala nyuma ya duka. Shangazi alimkuta amepinda juu ya meza anakata bango la kitambaa lenye picha ya marehemu. Akamweleza yaliyompata, akiwa amesimama.

Wino aliendelea kukata hadi mwisho wa kitambaa. "Kwa hiyo sasa tuko sawa," alisema.

Hakulisema kwa ubaya. Lakini matusi yote aliyoyasoma ofisini hayakumuuma Shangazi kama maneno hayo. Alijibu, "Ndiyo, tuko sawa," akaaga.

Haikupita muda, ilibidi chumba cha nyuma kipangishwe. Mshonaji alikitaka, ila kitupu. Shangazi alituma ujumbe, na Wino akaja na mkokoteni kuchukua kitanda chake. Kilikuwa cha mbao nzito, na korido ilikuwa nyembamba. Wino alishika kichwani, dada yake miguuni.

"Inamisha kwako."

"Nimeinamisha. Angalia vidole."

"Kushoto kidogo. Kidogo, dada! Hapo."

Walipokifikisha nje walikuwa wanahema wote wawili. Wino alikifunga kwa kamba, akalijaribu fundo, akamwambia akae salama. Shangazi alimwambia aende salama. Kisha akarudi kufagia chumba, kwa kuwa mshonaji alisema angeingia siku ile ile.