Mwite Aje Kula

Katekista wetu wa Maisaka haandiki jina la mtoto kabla hajalisikia likiitwa. Hulamba kidole, hufunua daftari la ubatizo, kisha husema taratibu, "Mwite kama unamwita aje kula." Ameandika akina Imani, Upendo na Subira wengi kwa namna hiyo, na kila mmoja aliitwa kwanza pale barazani kwake. Jumamosi tulimpelekea mtoto wa marehemu dada yangu, tuliyemzika siku tatu baada ya kujifungua. Shemeji Laurian, baba wa mtoto, alitaka aandikwe Tabu. "Kaja na msiba," alisema. "Mwite basi, baba." Shemeji akavuta pumzi. "Tabu! Njoo..." Sauti ikakatika. Akajaribu tena, akashindwa. Katekista hakumhimiza; alifuta kalamu kiganjani, akasubiri, kisha akanigeukia. "Mama mdogo, jaribu wewe." Nikamwomba Mungu, nikaita mpaka vijana wa bodaboda barabarani wakageuka: "Neema! Njoo ule, Neema!" Shemeji akadakia, akaita kwa sauti kubwa kuliko yangu. Katekista akacheka, akaandika kwa herufi kubwa. "Huyu," akasema, "atasikia hata akiwa kijiji cha mbali, kule Mutuka."