Kopo la Krismasi, Tyubu ya Agosti

Nimeuza vifaa vya kunyolea kwa miaka ishirini na sita katika duka moja hapa Harrogate, huku ughaibuni, na swali ninaloulizwa kuliko yote ni hili: kopo au tyubu? Wanaume wazima, wenye vyeo vyao na magari yao, husimama mbele ya kaunta yangu krimu moja mkono huu na nyingine mkono ule, hawajui washike ipi. Jibu langu nimelihifadhi kichwani. Kopo ni la nyumbani. Unachovya brashi iliyolowa, unazungusha, povu linapanda zito, na harufu inabaki shavuni mpaka usiku. Tyubu ni ya mkoba. Unakamua kiasi cha harage moja, unafunga kifuniko, maji hayaingii, harufu hakuna au ni kidogo. Kwa ndevu zenyewe, nilikuwa nikiwaambia, hakuna tofauti, zitakatika tu.

Siku hizi hilo la mwisho silisemi tena. Aliyenitoa katika imani hiyo ni Neville Lumb, aliyekuwa karani wa tiketi kwenye kituo chetu cha reli, pamoja na mkewe Beryl. Nilijua jambo moja ambalo wao wenyewe hawakulijua, na lingeweza kusemwa kwa pumzi moja. Mimi nikapiga kimya.

Bwana Lumb alikuwa mrefu, mpole, mtu wa kuuomba radhi hata mlango alioupiga kikumbo. Kila wiki ya kwanza ya Agosti alikuja kununua tyubu moja isiyo na harufu.

“Ya safari, Bwana Lumb?”

“Ya safari, mama.”

“Mwaka huu ni wapi?”

“Bafuni kwangu.”

Nilidhani ni utani, maana utani wa watu wa huku husemwa kwa uso mkavu vilevile. Kumbe alikuwa anasema kweli. Kila Agosti mkewe alikwenda Whitby, mji wa pwani, kwa dada yake kukaa wiki nzima, na yeye alibaki nyumbani. Wiki hiyo ndiyo aliyonyolea tyubu. Ikibaki, aliificha ndani ya sanduku la spana.

Mwaka wa sita au wa saba, tulipokuwa tumeshazoeana, nilimuuliza kwa nini aifiche. Akatazama mlangoni kwanza.

“Mke wangu hunipa kopo. Lile la waridi. Kila Krismasi, na kila siku yangu ya kuzaliwa, tangu tuoane.”

“Na hulipendi?”

“Nalichukia, mama. Kila asubuhi najisikia kama keki ya harusi ya mtu mwingine.”

“Si umwambie?”

“Nimwambie nini sasa? Krismasi ya kwanza nilifungua karatasi mbele yake na mbele ya mama yake. Nikasema, hiki hasa ndicho nilichokuwa nakitaka. Nikanusa na macho nikafumba! Leo nitaanzia wapi?”

Nilimwelewa. Huku zawadi hufunguliwa mbele ya aliyeitoa, na maneno ya kusema yako tayari, yale yale kwa soksi na kwa pete ya dhahabu. Ukishayatamka umejifunga, na wengi huzikwa wakiwa bado wamefungwa. Bwana Lumb aliichukua tyubu yake, akaitia mfuko wa ndani wa koti, akaniomba radhi kwa kunichukulia muda.

Beryl yeye alikuwa mfupi, mwepesi wa miguu na wa mdomo, na alikuja mwanzoni mwa Desemba katika koti lake la kijani. Nilimhudumia miaka mingi kabla ya kumjua vizuri. Kisha ukaja ule mwaka theluji ilipofunga reli siku tatu. Duka lilikuwa tupu, yeye hakuwa na haraka, na mimi nilikuwa nafunga kopo lake katika karatasi ya zawadi.

“Lifunge mara mbili, dada,” akasema. “Mara tatu kama karatasi ipo.”

“Halitavuja, usihofu.”

“Siogopi kuvuja, naogopa harufu. Waridi linanipasua kichwa.” Akashusha sauti. “Nilikuwa na mimba, mwaka ule wa kwanza wa ndoa. Asubuhi ilipoharibika, yeye alikuwa ametoka kujinyoa, akanibeba mpaka garini. Pua yangu ilikuwa hapa, shingoni kwake. Tangu siku ile nikisikia waridi tumbo lote linapinduka. Na nyingine hatukupata.”

Mikono yangu ikasimama juu ya karatasi. “Na bado unamnunulia?”

“Analipenda! Ungemwona alivyofumba macho Krismasi ile. Mtu mwenyewe hanywi, hachezi kamari, mpira hatazami. Hicho kistarehe kimoja nimnyang’anye?”

“Sasa unaishije, mama?”

“Nageuza uso. Akija kunibusu namtolea sikio. Kitandani nilikuwa nalala nikitazama ukuta, na tangu alipostaafu nimehamia chumba cha nyuma. Nimemwambia anakoroma.”

“Anakoroma?”

“Wapi! Analala kama sanamu la bustanini.” Akacheka, akafuta pua. “Nikirudi kutoka Whitby tu ndiyo huwa hanuki. Nadhani analibania kopo lake nikiwa sipo, ili ajipambe nikiwepo. Mwanaume huyo, Mungu amsamehe.”

Nikacheka naye, na hilo sijajisamehe. Nilikuwa nimesimama katikati ya watu wawili wanaoumizana kwa adabu, ufunguo nilikuwa nao mimi, na nilichofanya ni kucheka na kumfungia kopo kwa karatasi tatu.

Nilikotoka, Tanga, habari ya namna hii isingefika alasiri. Shangazi yangu angevaa mtandio, angekwenda kwa Bwana Lumb, angemwambia, “Wewe, mkeo hapendi hiyo harufu, nawa!” Pangetokea ugomvi wa siku mbili, basi yakaisha. Lakini nilikuwa nimeshakaa huku miaka mingi. Nilimgusia mwenye duka, Bwana Whitlock, naye akanijibu bila kuinua macho kwenye gazeti.

“Ya wateja hatuyabebi, Rukia. Wakitaka kujua wataulizana.”

Nami nikaona fahari, nikajiona nimehitimu. Miaka yote ile ya kujifunza kutouliza mshahara wa mtu, kutomwambia mtu amenenepa, kutoingia nyumba ya jirani bila kualikwa, na sasa nilikuwa na siri ya kweli na niliweza kuibana kama wenyeji. Mara moja tu, Desemba moja baadaye, nilijaribu kwa mbali.

“Mwaka huu mjaribishie hii tyubu isiyo na harufu, Bi Beryl. Wengi wanaisifu.”

Akanitazama kama nimemvua kofia. “Dada, usinifundishe mume wangu.”

Nikaona haya, nikarudisha tyubu kabatini. Niliendelea kuwauzia. Agosti tyubu, Desemba kopo, na lile jingine la Juni la siku ya kuzaliwa. Siku nyingine niliwaona barabarani wakitembea pamoja, katikati yao nafasi ya mtu wa tatu kupita, na walipofika kwenye kivuko mume alimwacha mkewe avuke mbele.

Beryl alikufa Februari, kwa nimonia, siku tisa tu hospitalini. Nililiona jina lake gazetini. Nilikwenda kanisani, nikakaa benchi la nyuma, na sikwenda kumsalimu Bwana Lumb kwa kuwa sikujua nitamwambia nini.

Mwezi wa tatu aliingia dukani. Amekonda, tai nyeusi, kidevuni ana mkato mdogo uliobandikwa kipande cha karatasi. Akaweka juu ya kaunta kopo la waridi, tupu, limesuguliwa likawa safi. Akanyoosha mkono kabatini akachukua tyubu. Akasimama na vyote viwili, kama wale wengine wote.

“Kopo au tyubu, mama?” akaniuliza, kana kwamba ndiyo kwanza tunaonana.

“Pole sana, Bwana Lumb.”

“Asante. Nikichukua tyubu naona namsaliti. Nikichukua kopo, sijui nalichukua kwa ajili ya nani.” Akaviweka chini vyote. “Naweza kukwambia kitu? Watoto hatuna, na dada yake nisingependa ajue.”

“Niambie.”

“Beryl hakunipenda.”

“Usiseme hivyo, Bwana Lumb.”

“Sisemi kwa ubaya. Alinivumilia, na alinivumilia vizuri, chakula changu kwa wakati, mashati yangu yamepigwa pasi. Lakini miaka arobaini na tisa hakunipa shavu lake. Hospitalini, ile siku ya mwisho, nilijua ni ya mwisho. Nikajinyoa vizuri kwa ajili yake. Kopo lake lile, nikajipaka mara mbili. Nikainama nimbusu, naye nguvu hana hata za kushika kijiko, lakini akazipata za kugeuza uso ukutani.”

Nikashika ukingo wa kaunta.

“Ila siku moja kwa mwaka,” akaendelea, na uso wake ukalainika. “Akirudi kutoka kwa dada yake. Nilikuwa nakwenda kumpokea kituoni, pale jukwaani abiria wanaposhukia. Anashuka, anaweka mkoba chini, ananishika masikio yote mawili ananibusu, mbele ya wenzangu wa kazi na abiria. Jioni ile tunakula samaki, tunaongea mpaka sauti zinakauka. Kesho yake najinyoa, nashuka kunywa chai, nakuta ameshakuwa mgeni tena. Nikajiambia ndivyo alivyoumbwa, ananipenda nikiwa mbali. Sikumlaumu. Nilikuwa nangoja Agosti tu.”

Nilikuwa na njia ya kunyamaza, kama nilivyokuwa nimefundishwa. Angekwenda zake akiamini kwamba hakupendwa, na angekufa hivyo. Au nimwambie, aende zake akijua alipendwa kila siku na kila siku aliufuta upendo huo kwa mkono wake mwenyewe. Nikasema.

“Ni waridi, Bwana Lumb.”

“Samahani?”

Nikamweleza yote. Mimba, na shingo yake asubuhi ile. Karatasi tatu. Ukuta, chumba cha nyuma, na ya kukoroma. Nikamwambia mkewe aliamini lile kopo ndiyo starehe yake pekee duniani, ndiyo maana hakutaka kumnyang’anya. Alinisikiliza ameinamisha kichwa, kama karani anayesikiliza abiria mwenye tiketi ya treni iliyokwisha kuondoka.

“Kwa hiyo sikoromi?”

“Hukoromi.”

“Nilinunua mto maalumu.” Akaichukua tyubu, akaigeuza kwenye kiganja. “Pale jukwaani nilikuwa nimenyolea hii.”

“Ndiyo.”

“Kila mara.”

“Kila mara, Bwana Lumb.”

Akavuta kiti cha wateja akaketi. Mabega yalimtikisika, lakini sauti haikutoka. Nilizunguka kaunta nikasimama karibu naye, mkono nimeunyoosha na sijui niuweke wapi. Alipoinua uso macho yalikuwa mekundu na makavu.

“Alikwambia lini?”

Swali hilo nilikuwa nimelingoja na bado lilinikuta uchi.

“Zamani kidogo.”

“Mwaka gani, mama?”

“Ule wa theluji. Ilipofunga reli.”

Mtu aliyekaa na ratiba za treni maisha yake yote hahitaji kalamu. “Miaka kumi na minne,” akasema. “Agosti kumi na nne nimesimama hapa hapa.”

“Ulisimama, ndiyo.”

“Ukaniuliza safari ni ya wapi.”

“Nikakuuliza.”

Laiti angenitukana. Angepiga kaunta, angeniita mchawi, mnafiki, ningemshukuru. Yeye aliinuka, akakirudisha kiti mahali pake, akakiweka sawa na ukuta. Akavaa kofia.

“Asante kwa kuniambia, mama,” akasema. “Samahani kwa kukuchukulia muda.”

Akatoka. Tyubu aliiacha juu ya kaunta, na kopo tupu la Beryl pia. Nililiweka chini ya kaunta nikidhani atalirudia. Bado lipo, na ukilifungua linanuka.

Agosti ilifika, na hakuja. Wiki ya pili nilikuwa natengeneza dirisha la mbele, nikamwona anapita upande wa pili wa barabara, anaelekea kituoni saa ile ile ambayo treni yenye abiria wa Whitby huingia. Kwanza sikumtambua. Alikuwa ameacha ndevu zote, nyeupe, zimejaa mpaka shingoni, hazijaguswa na wembe tangu siku ile. Akaniona nyuma ya kioo. Akasimama, akavua kofia kunisalimu kwa adabu, akaivaa tena, akaendelea na njia yake.